Kampuni Ugenini: Historia ya Cheti cha Idhini katika Majimbo ya Marekani

Marekani husimama mbele ya mataifa kama dola moja, lakini mbele ya kampuni ya biashara husimama kama dola hamsini. Kwa maana kampuni, isipokuwa chache zilizoundwa kwa amri ya serikali ya muungano, haipati uhai wake Washington, bali hupewa uhai huo na jimbo moja miongoni mwa majimbo, kwa sheria ya jimbo hilo na kwa muhuri wa jimbo hilo, na ikivuka mpaka kwenda kwa jirani huhesabiwa kuwa mgeni, hata kama mpaka wenyewe ni mstari tu wa barabara, kama ilivyo katika mji wa Bristol, ambako Virginia hukoma na Tennessee huanza katikati ya mtaa mmoja wa maduka. Kampuni iliyoundwa Virginia ikitaka kufungua duka upande wa pili wa mtaa huo haina budi kumwendea katibu wa jimbo la Tennessee na maombi yake, na ushahidi kutoka kwao kwamba ipo hai kisheria, na jina la wakala aliye na anwani Tennessee atakayepokea hati za mahakama kwa niaba yake, na ada iliyowekwa. Na yote yakitimia, hupewa cheti cha idhini, ikaandikwa katika daftari la kampuni za kigeni.

Siku hizi jambo hilo huonekana kuwa shughuli ya makarani tu, na wengi wanaolipa ada ile huilipa kwa kunung'unika, wasijue kwamba karatasi wanayopewa ni mabaki ya mzozo uliodumu zaidi ya miaka mia, uliowatoa jasho mawakili mashuhuri kabisa wa nchi ile, na uliobeba swali moja zito: je, kitu kilichoumbwa na sheria ya mahali pamoja kina haki gani mahali ambapo sheria ile haina nguvu? Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha kwa matukio yenyewe, ni kwamba cheti hicho kilikuwa tangu asili mapatano ya pande mbili, yaani idhini ya kufanya biashara kwa badali ya wajibu wa kuitika mbele ya mahakama za wenyeji. Na kwamba kila mara upande mmoja ulipotaka kuichukua faida ya mapatano bila ya kuitoa badali yake, dhuluma ilitokea.

Mwanzoni mwa karne ya 19 kampuni zilikuwa chache, na kila moja iliundwa kwa sheria yake mahsusi iliyopitishwa na baraza la kutunga sheria la jimbo, ikatajiwa kazi yake, kiasi cha mtaji wake, na mara nyingi hata muda wa uhai wake: hii ilipewa daraja la kujenga na kutoza ushuru, ile mfereji, nyingine benki. Mambo yaligeuka pale fedha ilipoanza kusafiri mbali kuliko watu. Pamba ya Alabama ilishuka kwa mito hadi bandari ya Mobile, ikapakiwa melini kwenda New York na Ulaya, na biashara hiyo yote ilikwenda kwa hundi zilizoandikwa kulipwa mbali na kwa muda uliopangwa. Nazo hundi hizo zilinunuliwa papo hapo Mobile na mawakala wa benki za majimbo mengine, waliotoa fedha taslimu kwa upungufu kidogo, kisha wakangoja siku ya malipo ifike.

Mwaka 1837 msukosuko mkubwa wa fedha uliikumba nchi nzima, benki zikasimamisha malipo ya dhahabu na fedha, na hundi zilizotegemewa kulipwa New York zikarudi bila ya kulipwa. Miongoni mwa watu walioweka sahihi zao nyuma ya hundi hizo, na kwa hiyo wakawa wadhamini wake, alikuwamo mtu wa Alabama aitwaye Joseph B. Earle. Alipodaiwa na Benki ya Augusta, iliyoundwa na jimbo la Georgia, Earle hakusimama juu ya hoja kwamba sahihi si yake, wala kwamba fedha haikutolewa. Hoja yake ilikuwa kwamba benki ile ni kiumbe cha Georgia, na kwamba katika ardhi ya Alabama haina uhai wa kuiwezesha kununua hata hundi moja. Daawa mbili nyingine ziliandamana na hiyo, moja ya benki iliyoundwa na Pennsylvania na nyingine ya kampuni ya reli ya Louisiana, zote zikigongana na hoja ileile. Jaji John McKinley, mmoja wa majaji wa Mahakama ya Juu ya nchi, aliyezisikiliza Alabama, alikubaliana na wadaiwa. Habari ya hukumu hiyo iliposambaa, Jaji Joseph Story alimwandikia rafiki yake kwamba hukumu ya mwenziwe imewatia kiwewe nusu ya mawakili na kampuni zote za nchi. Na kweli ilikuwa hivyo, kwa kuwa kama McKinley alisema haki, basi kila mkopo, kila bima na kila hundi iliyovuka mpaka wa jimbo ilikuwa maneno matupu.

Msomaji wa pwani yetu atapendezwa kukumbuka kwamba katika mwaka huohuo wa 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, aliwasili Unguja kuwasimamia wafanyabiashara wa kwao, chini ya mkataba ambao Edmund Roberts alikuwa ameufunga na Seyyid Said mwaka 1833, uliowafungulia Wamarekani bandari zote za Sultani kwa ushuru wa asilimia 5 tu. Mtu wa Salem basi alikuwa na andiko la kumruhusu kuuza merikani na kununua pembe maelfu ya maili kutoka kwao, ilhali benki ya Georgia haikuwa na andiko lolote la kuiruhusu kununua hundi katika jimbo linalopakana nalo. Tofauti yao ni kwamba yule alikuwa mtu, na huyu alikuwa mtu wa kisheria tu.

Daawa zilipofika katika Mahakama ya Juu mwaka 1839, Daniel Webster, aliyekuwa msemaji hodari kuliko mawakili wote wa zama zake, alidai kwamba raia wanaojiunga kuunda kampuni hawaiachi haki yao ya uraia mlangoni, na kwa kuwa katiba huwapa raia wa kila jimbo heshima na haki za raia katika majimbo yote, basi kampuni yao nayo inazo. Jaji Mkuu Roger Taney hakuikubali hoja hiyo, na nadhani alifanya vyema, kwa maana wanahisa wangekuwa wameshika heri mbili kwa mkono mmoja: wasidaiwe deni la kampuni katika mali zao wenyewe kwa kuwa kampuni si wao, kisha wadai haki za raia kwa kuwa kampuni ni wao. Lakini Taney hakukubali vilevile kwamba mkopeshaji apoteze fedha yake kwa ujanja wa mipaka. Alihukumu kwamba kampuni haina budi kukaa mahali ilipoumbwa na haiwezi kuhamia katika enzi ya dola nyingine, kwa sababu nje ya sheria iliyoiumba haina kuwapo. Hata hivyo, kama vile mtu aliyeko kwao awezavyo kumtuma wakala akafunga mkataba mbali, kampuni nayo yaweza kutuma wakala, na mkataba huo utashika kwa hisani na adabu iliyopo baina ya dola zenye urafiki, maadamu jimbo linalohusika halijasema vinginevyo. Alabama haikuwa imesema vinginevyo. Earle alishindwa, na katika jopo zima la majaji ni McKinley peke yake aliyesimama na rai yake ya kwanza.

Kampuni zilifurahi, na zilikuwa na haki ya kufurahi, lakini maneno yale, maadamu jimbo halijasema vinginevyo, yalikuwa na uzito kuliko ushindi wenyewe. Idhini ya mgeni sasa ilitegemea ukimya wa mwenyeji, na majimbo yalikuwa na ndimi.

Yaliyoanza kusema kwa sauti kubwa yalisema juu ya bima. Hapakuwa na biashara iliyosafiri kwa wepesi kama hiyo, kwa sababu haikuhitaji ghala wala merikebu: kampuni ya jimbo moja ilimteua mfanyabiashara wa jimbo jingine awe wakala wake, ikampa vitabu vya hati, naye akakusanya ada za bima kutoka kwa majirani zake na kuzipeleka makao makuu. Mradi moto haujawaka, wote walikuwa radhi. Ulipowaka, na kampuni ikakataa kulipa, mwenye nyumba alitambua kwamba amemlipa mtu asiye na mwili katika mji wake. Mdaiwa wake yupo katika jimbo jingine, mahakama za kwao hazimfikii, na kumfuata huko ni kwenda kudai ugenini, mbele ya majaji na wazee wa baraza wasiomjua, kwa gharama ya safari na ya wakili ambayo aliyeunguliwa na nyumba hana. Hapa ndipo ninapoiona asili ya kweli ya uandikishaji, na ndipo ninapowasihi wale wanaouona kuwa tozo tu wapatazame tena.

Jimbo la Ohio lilitunga sheria kwamba kampuni ya bima ya kigeni yenye wakala Ohio yaweza kushitakiwa Ohio kwa kumkabidhi wakala huyo hati ya wito. Wafanyabiashara wa Cincinnati waliokuwa na bima ya Kampuni ya Lafayette, iliyoundwa Indiana, walishitaki hivyo, wakapewa hukumu, kisha wakaipeleka hukumu ile Indiana ili walipwe. Kampuni ilijitetea kwamba haikuwahi kutoka Indiana, na kwamba mahakama ya Ohio imemhukumu asiyekuwapo. Mwaka 1856 Mahakama ya Juu, kwa kauli ya Jaji Benjamin Curtis, iliutupilia mbali utetezi huo: Ohio ilikuwa na mamlaka ya kukataza au kuruhusu, na katika kuruhusu ilikuwa na mamlaka ya kuweka sharti, na kampuni iliyoingia kufanya biashara imelikubali sharti. Idhini kwa badali ya kuitika: mapatano yenyewe yalikuwa yamepata sura yake ya kisheria.

Virginia ilikwenda mbele zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1866 iliamuru kwamba kampuni ya bima isiyoundwa Virginia isifanye kazi humo bila ya leseni, na isipewe leseni mpaka iweke dhamana kwa mweka hazina wa jimbo, kiasi cha kati ya dola 30,000 na dola 50,000, kulingana na mtaji wake. Samuel Paul, wakala wa bima katika mji wa Petersburg, aliteuliwa na kampuni kadha za New York, akaomba leseni, akakataa kuweka dhamana, akanyimwa, naye akauza bima ya moto hivyohivyo. Akashitakiwa na kutozwa faini ya dola 50. Faini hiyo ndogo ilipelekwa mpaka Mahakama ya Juu kwa makusudi, na kampuni za bima zilitaraji makubwa, kwa kuwa wakili aliyesimama upande wa Paul alikuwa Curtis yuleyule, aliyekuwa amekwisha kujiuzulu ujaji. Mwaka 1869 Jaji Stephen Field, akisema kwa niaba ya mahakama nzima, alizifunga njia mbili kwa pamoja: kampuni si raia kwa maana ya kifungu kile cha katiba alichokitegemea Webster, na hati ya bima si biashara baina ya majimbo bali ni mkataba wa mahali ulipotolewa. Kwa hiyo jimbo laweza kuizuia kampuni ya kigeni kabisa, au kuikubali kwa masharti yoyote lipendayo.

Kwa masharti yoyote: hapo mizani ilielemea upande wa pili. Majimbo yaliyokuwa yakidai haki ya raia wao ya kushitaki nyumbani sasa yalipewa ufunguo usio na kipimo, na katika miaka thelathini na arubaini iliyofuata yaliutumia kwa mema na kwa maovu. Mengi yalitunga sheria za kuzitaka kampuni zote za kigeni, wala si za bima pekee, ziweke nakala ya hati ya kuasisiwa, zitaje wakala na mahali pa kazi, na zilipe ada. Kampuni iliyopuuza ilinyimwa mlango wa mahakama, hata isiweze kumdai aliyechukua bidhaa zake. Na katika baadhi ya majimbo mkataba wake ulihesabiwa kuwa batili tangu mwanzo, adhabu ambayo ilimpendeza kila mdaiwa mkaidi, kwa sababu ilimruhusu ale mali ya mtu kwa kisingizio kwamba mwenye mali hakujiandikisha.

Katika zama hizohizo kampuni nazo zilibadilika sura. New Jersey, kwa sheria zake za mwishoni mwa miaka ya 1880 na kwa marekebisho ya mwaka 1896, iliziruhusu kampuni kumiliki hisa za kampuni nyingine na kufanya kazi popote, kwa kodi nafuu, na matajiri wakakimbilia huko kuunda kampuni ambazo hazikukusudia kuajiri mtu wala kuuza kitu New Jersey. Delaware iliiga mwaka 1899, na New Jersey ilipokaza sheria zake mwaka 1913, katika siku za mwisho za Woodrow Wilson kuwa gavana wake, msafara wote ukahamia Delaware, uliko hadi leo. Taathira yake kwa habari yetu ni kubwa: zamani kampuni ilikuwa mgeni ilipotoka kwao, lakini sasa zilikuwapo kampuni ambazo zilikuwa wageni kila mahali zilipofanya kazi, na kwao hapakuwa na kitu ila hati na anwani. Ndipo ilipozaliwa kazi mpya ya kupokea hati kwa ujira, na mwaka 1892 New Jersey ilianzishwa kampuni maalumu ya uwakala huo, ambayo hata sasa, katika jumba moja la kawaida la mji wa Wilmington, hutoa anwani kwa mamia ya maelfu ya kampuni. Anayelishangaa jumba hilo akumbuke madai ya watu wa Cincinnati: bila ya anwani hiyo hakuna mahali pa kumpelekea mdaiwa samansi.

Ukitaka kujua ufunguo wa jimbo ungeweza kufanya nini, tazama Texas. Kampuni ya mafuta ya Waters-Pierce, iliyoundwa Missouri na kuongozwa na Henry Clay Pierce, iliuza mafuta ya taa katika jimbo lile zima, na nyuma yake ilikuwapo Standard Oil ya Rockefeller. Texas ilikuwa na sheria ya kupinga ukiritimba tangu mwaka 1889, na kwa sheria hiyo mahakama zake ziliinyang'anya kampuni cheti chake. Mwaka 1900 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba Texas ilikuwa na haki ya kumwondoa mgeni aliyevunja masharti. Pierce aliivunja kampuni, akaiunda upya Missouri kwa jina lilelile, akasema kwamba haina tena uhusiano na Standard, na kwa msaada wa Joseph Bailey, mwanasiasa wa Texas aliyekuwa karibu kuingia katika Seneti, akapata cheti kipya. Miaka michache baadaye, katika shauri lililoendeshwa Missouri, ilibainika kwamba hisa nyingi zilikuwa bado mikononi mwa Standard. Texas haikusamehe. Mwaka 1907 baraza la wazee wa mahakama mjini Austin liliitoza kampuni faini ya dola 1,623,900 na kuifukuza, rufaa zikashindwa, na mwaka 1909 zaidi ya dola milioni 1.8 zikalipwa pamoja na riba. Siwezi kuisoma habari hiyo bila ya kuiunga mkono Texas. Wakulima walionunua mafuta kwa bei ya muuzaji mmoja hawakuwa na silaha nyingine, kwani kampuni yenyewe haikuwa kiumbe cha jimbo lao, na sheria ya jimbo haikuwa na uwezo wa kuiua; ilikuwa na uwezo wa kuitoa nje tu.

Lakini itazame Kansas vilevile. Kwa sheria yake ya mwaka 1898, kampuni ya kigeni ilitakiwa kulipa ada iliyohesabiwa kwa mtaji wake wote, popote mtaji huo ulipo. Western Union, iliyokuwa na mtaji wa dola milioni 100 na nyaya za simu zilizotanda katika bara zima, ilidaiwa dola 20,100 kwa ajili ya mfuko wa shule za Kansas, na ilipokataa, jimbo likaomba iamriwe kuacha simu za ndani ya Kansas. Shule ni kitu chema, na bila shaka waliotunga sheria ile walikuwa na nia njema kwa watoto wao. Walakini kumtoza mtu kwa mali aliyo nayo New York na California ndipo apewe ruhusa ya kupeleka habari kutoka Topeka hadi Wichita ni kumtoza asichokileta. Kila jimbo likifanya hivyo, kampuni itakuwa imelipia mtaji mmoja mara arubaini na zaidi. Mwaka 1910 Mahakama ya Juu, kwa kauli ya Jaji John Marshall Harlan, iliibatilisha ada hiyo, ingawa Jaji Holmes, pamoja na wengine, alishikilia kwamba mwenye uwezo wa kumkataa mgeni kabisa ana uwezo wa kumtoza apendavyo. Hoja ya Holmes ina sura nzuri ya mantiki, lakini ndiyo hoja ya kila mtoza ushuru aliyekaa njiani tangu misafara ianze kutembea.

Mwaka huohuo Kansas ilishindwa mara ya pili, na shauri lake ni dogo lakini lina funzo. Shule ya masomo kwa posta iliyokuwa Scranton, Pennsylvania, ilimfundisha sheria za biashara mtu mmoja wa Kansas, ikampelekea vitabu na mitihani kwa barua, naye hakulipa. Iliposhitaki, mahakama za Kansas ziliifungia mlango kwa kuwa haikuandika taarifa ya hali yake ya fedha kwa katibu wa jimbo. Mahakama ya Juu ilisema kwamba kupeleka elimu kwa barua kutoka jimbo hadi jimbo ni biashara baina ya majimbo, ambayo katiba imeiweka chini ya bunge la muungano, na kwamba jimbo haliwezi kuifanya idhini yake kuwa sharti la biashara hiyo. Kauli hiyo ilikuwa na mizizi tangu mwaka 1891, Kentucky ilipozuiwa kudai leseni kwa mawakala wa kampuni za kusafirisha vifurushi baina ya majimbo. Kutokana na hukumu za namna hii ulijengeka mpaka ambao wanasheria huuhifadhi hadi leo: anayepita tu au anayeuza kutoka mbali haandikishwi, anayekaa na kufanya kazi ndani huandikishwa.

Kisha sharti moja la mwisho la dhuluma likaondolewa. Majimbo kadha yalikuwa yakifuta cheti cha kampuni yoyote iliyothubutu kulihamisha shauri kutoka mahakama ya jimbo kwenda mahakama ya muungano. Arkansas iliifanyia hivyo kampuni moja ya ujenzi kutoka Missouri, na mwaka 1922 Jaji Mkuu William Howard Taft, aliyekuwa amekwisha kuwa rais wa nchi, alisema wazi kwamba jimbo haliwezi kumnunua mgeni aiache haki aliyopewa na katiba kwa bei ya ruhusa ya kufanya kazi. Mamlaka yale ya masharti yoyote, yaliyotangazwa mwaka 1869, yalikuwa yamepata kiasi chake.

Lakini zilikuwapo pia kampuni zilizojaribu kuukimbia mlango wenyewe. Kampuni ya viatu iitwayo International Shoe, iliyoundwa Delaware na yenye makao St. Louis, ilikuwa na wauzaji kati ya 11 na 13 katika jimbo la Washington baina ya mwaka 1937 na 1940, waliopata kwa jumla zaidi ya dola 31,000 kwa mwaka. Lakini haikuwa na ofisi humo, wala wauzaji hawakuruhusiwa kufunga mikataba, na kila mmoja alipewa sampuli za kiatu kimoja kimoja badala ya jozi. Kila kitu kilipangwa ili isemwe kwamba kampuni haiko Washington. Jimbo lilipoidai michango ya mfuko wa wasio na kazi, ilijibu kwamba haipo. Mwaka 1945 Jaji Mkuu Harlan Fiske Stone aliamua kwamba inatosha kampuni iwe na mafungamano na jimbo kwa kadiri ambayo insafu haikereki kwa kuishitaki humo. Kuanzia hapo jimbo halikuhitaji tena kuishika kampuni kwa cheti ili kuipata mahakamani. Wengi walidhani kwamba uandikishaji umepoteza kazi yake. Haukupoteza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilihukumu kwamba Pennsylvania yaweza kuihesabu kampuni ya reli iliyoundwa Virginia kuwa imekubali kushitakiwa Pennsylvania kwa jambo lolote, hata lililotokea kwingine, kwa sababu tu imejiandikisha humo. Na aliyeshitaki alikuwa mfanyakazi wa reli aliyedai kwamba kazi yake imemletea saratani.

Sheria yenyewe kwa sasa imetulia. Kielelezo cha sheria ya kampuni kilichotolewa na wanasheria wa Marekani mwaka 1950, na kurekebishwa mara kadha, kimeigwa na majimbo mengi: kuwa na akaunti ya benki, kufanya mkutano wa wakurugenzi, kujitetea mahakamani au kuuza kwa posta si kufanya biashara ndani ya jimbo, na aliyestahili kujiandikisha asijiandikishe hanyang'anywi mkataba wake, bali husimamishwa mlangoni mwa mahakama mpaka alipe ada na faini za nyuma. Mississippi ilikuwa na ukali kuliko huo, na mwaka 1974 mnunuzi wa pamba kutoka Memphis aliyekuwa amenyimwa mahakama zake dhidi ya mkulima aliyekataa kutoa pamba aliyokwisha kuiuza alipewa haki yake, kwa kuwa pamba ile ilikuwa safarini katika biashara baina ya majimbo. Tangu Mobile hadi hapo, pamba ilikuwa imerudi katika shauri lilelile.

Nimeyaandika haya nikiwa na nchi zetu moyoni. Sheria ya kampuni ya Tanganyika ya mwaka 1932, iliyotumika mpaka ilipobadilishwa mwaka 2006, ilikuwa na sehemu yake kwa kampuni zilizoundwa nje, na sheria zilizopo Tanzania na Kenya zinazo sehemu za namna hiyo; na ingawa itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwezi wa Julai 2010, imeahidi haki ya kujianzishia biashara katika nchi yoyote mwanachama, kampuni ya Nairobi ingali mgeni Dar es Salaam, na ya Dar es Salaam ingali mgeni Nairobi. Wenye dhamana ya kutunga na kulinganisha sheria hizo wana mbele yao majaribio ya miaka 180 ambayo wengine wameyalipia. Nawaomba walishike lile la Ohio, kwamba kila kampuni ya jirani iwe na jina, anwani na mtu wa kuitika mahakamani pale inapochukua fedha za wenyeji, na waliache lile la Kansas; na ada ya cheti isizidi gharama ya kukiandika.